Kibali cha kazi baada ya masomo: ahadi ni deni

Leo tuweke kando misimbo na programu huria, tuzungumze kuhusu karatasi. Si karatasi yoyote tu, bali kile kibali ambacho nchi za ng'ambo humpa mwanafunzi mgeni akishahitimu, ili abaki miaka miwili mitatu afanye kazi.

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tano hivi, barua pepe huanza kuniingilia. "Kaka, nimepata nafasi Canada." "Kaka, Uingereza wamenikubali uzamili wa sayansi ya tarakilishi, mwaka mmoja tu, unaonaje?" Wengi hutarajia niwaambie wajifunze lugha gani ya programu kabla ya kuondoka. Mimi huwauliza swali moja: hiyo karo utailipa vipi? Na jibu ni lile lile karibu kila mara: nikimaliza nitafanya kazi huko, nilipe mkopo.

Yaani shamba limewekwa rehani, harambee imefanywa, sacco imetoa pesa na wadhamini wametia sahihi, na hesabu yote hiyo imesimama juu ya kibali ambacho hakijatolewa bado!

Maoni yangu nayatoa mapema, mwenye haraka asome hapa aende zake. Nchi inayomvuta mwanafunzi kwa kumwonyesha kibali cha kazi inapaswa kumpa kibali hicho kwa masharti yaliyokuwepo siku alipoanza masomo. Ikitaka kubadilisha masharti, haki yake, lakini iyabadilishe kwa watakaoanza kesho. Aliyekwisha kulipa na kukaa darasani ameshafanya sehemu yake ya mapatano.

Kibali chenyewe

Kwa wasiokijua, viza ya mwanafunzi hufa masomo yakiisha. Badala ya kumwambia mhitimu "asante kwa karo yako, uwanja wa ndege ni kule," nchi kadhaa huwa na kibali cha katikati. Unaruhusiwa kufanya kazi kwa muda fulani bila kampuni kukudhamini kwanza. Kwa kijana aliyehitimu juzi hilo si jambo dogo. Kampuni nyingi hazina habari na makaratasi ya uhamiaji, na ukiwaambia kwamba ni lazima wakudhamini hawakupigii simu tena.

Marekani kibali hiki huitwa OPT, na kipo tangu 1992. Ni miezi 12, na waliosomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa 24, jumla 36. Canada hutoa hadi miaka 3, na tangu Februari 2024 hata aliyesoma uzamili wa chini ya miaka 2 anaweza kupata hiyo 3. Uingereza hutoa miaka 2, au 3 kwa mwenye uzamifu. (Ngoja, hiyo 2 ina hadithi yake, nitaifikia.) Ujerumani hukupa miezi 18 utafute kazi inayolingana na masomo yako, na huku unaitafuta unaruhusiwa kufanya kazi yoyote.

Ukiyasoma hivyo kwenye tovuti za vyuo, mambo ni matamu. Shida ni kwamba unayasoma mwaka wa kuondoka, na utayahitaji mwaka wa kumaliza.

Uingereza: mlango wa kufunguka na kufungika

Tazama historia. Mwaka 2008 Uingereza ilikuwa na kibali cha miaka 2 kwa wahitimu. Machi 2011 Theresa May, wakati huo waziri wa mambo ya ndani, alitangaza kwamba kitaondolewa, na Aprili 2012 kikaondolewa. Sasa mchukue mwanafunzi aliyeanza shahada ya miaka 3 Septemba 2009. Alipopanda ndege kibali kilikuwepo. Alipomaliza mitihani katikati ya 2012, mlango ulikuwa umefungwa miezi michache tu. Karo ya miaka yote mitatu ameilipa, tena ile ya wageni ambayo ni kubwa kuliko ya wenyeji.

Mwaka 2019 serikali ya Boris Johnson ikatangaza kwamba kibali kitarudi, na Julai 1, 2021 kikafunguliwa tena. Vyuo vikafurahi, mawakala wakabandika matangazo. Mei 2025 serikali nyingine ikasema miaka 2 ni mingi, itakuwa miezi 18. Oktoba 2025 kanuni ikatoka: atakayeomba kuanzia Januari 1, 2027 atapata miezi 18. Wenye uzamifu wamebaki na miaka yao 3.

Soma hapo tena polepole. Kanuni haiulizi ulianza lini, inauliza umeomba lini. Kijana aliyeanza shahada Septemba 2024, akiwa ameahidiwa miaka 2, atamaliza 2027 na kupata mwaka mmoja na nusu. Au chukua wanafunzi wawili wa uzamili katika darasa moja. Mmoja chuo kinathibitisha kwamba amemaliza, naye anaomba Desemba 2026. Mwenzake alama zake zinachelewa, anaomba Januari 2027. Karo ni moja na vyeti ni sawa, lakini wa pili amepoteza miezi 6 kwa sababu mhadhiri alichelewa kusahihisha insha!

Na miezi 6 ni pesa. Mwaka 2025 ada ya kibali hicho ilikuwa pauni 880, na juu yake unalipa tozo ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka utakaokaa, yote kwa mkupuo. Kwa miaka 2 ni pauni 2,950, yapata nusu milioni ya shilingi zetu, kabla hujapata hata siku moja ya mshahara. Ukipewa miezi 18 tozo ya afya inapungua, ni kweli. Mkopo wa sacco haupungui.

Canada: mema na mabaya katika bahasha moja

Canada ni mfano mzuri zaidi kwa sababu ilifanya sawa na kukosea siku moja. Septemba 18, 2024 ilitangaza masharti mapya ya kuanza Novemba 1. La kwanza lilihusu fani: aliyesoma kozi isiyo ya shahada chuoni lazima iwe katika orodha ya fani zinazohitajika. La pili lilihusu mtihani wa lugha ya Kiingereza au Kifaransa, kiwango cha 7 kwa wahitimu wa shahada na cha 5 kwa wahitimu wengi wa kozi za vyuo.

Sharti la fani likawekwa kwa walioomba viza ya masomo kuanzia Novemba 1. Waliotangulia hawakuguswa. Safi kabisa, hivyo ndivyo inavyopaswa. Lakini mtihani wa lugha ukawekwa kwa kila atakayeomba kibali cha kazi kuanzia siku hiyo hiyo, hata kama alikuwa Canada tangu 2021 akisoma, akiandika na kutetea tasnifu kwa Kiingereza. Notisi ilikuwa wiki 6. Mkenya aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi akatafute kiti cha mtihani, alipe, asubiri matokeo, na huku siku zinakwenda. Mtihani wenyewe si mgumu, wengi wataupita. Ninacholalamikia ni kwamba haukuwa kwenye mapatano.

Kisha ile orodha ya fani. Juni 25, 2025 waliongeza fani 119 na kuondoa 178. Julai 4, siku 9 baadaye, wakazirudisha zile 178 kwa muda. Hebu mfikirie mzazi wa Kisii au Voi anayelinganisha kozi mbili wiki hiyo.

Marekani: mashine yenye saa

Wapenzi wa tarakilishi, Marekani ndiko mtakakofurahia, kama mtu anaweza kufurahia jambo kama hili. OPT ni kama programu yenye kihesabio. Ukiwa kwenye ile miezi 12 ya kwanza, siku zako bila kazi hazipaswi kuzidi 90 kwa jumla. Wa sayansi na teknolojia wakiongezewa muda, jumla inafika 150. Kila kitu kinawekwa katika hifadhidata moja ya serikali iitwayo SEVIS, na rekodi yako humo ikifungwa, ruhusa yako ya kazi imekwisha.

Aprili 2025 tuliona maana yake. Maafisa walieleza mahakamani kwamba majina yapatayo milioni 1.3 ya wanafunzi wageni yalipitishwa kwenye hifadhidata ya rekodi za uhalifu, yakalingana 6,400 hivi, na rekodi za maelfu zikafungwa. Humo walikuwemo watu ambao kesi zao zilitupwa zamani, na wengine wenye makosa ya barabarani. Waliokuwa kwenye OPT waliamka asubuhi hawaruhusiwi tena kwenda kazini. Kesi zikamiminika, na Aprili 25 serikali ikasema inazirudisha. Mtu yeyote aliyewahi kulinganisha majina katika hifadhidata mbili anajua kwamba orodha ya kwanza inayotoka ni ya kukaguliwa. Wao waliitumia kama hukumu.

OPT ikiisha, njia kuu ni viza ya H-1B, ambayo kwa kampuni za kawaida ina nafasi 85,000 kwa mwaka, na 20,000 kati ya hizo zimetengewa wenye uzamili au zaidi kutoka vyuo vya huko. Maombi yakizidi nafasi, kunafanywa uteuzi wa tarakilishi. Mwaka 2023 yaliandikishwa maombi 780,884, na zaidi ya nusu ya yaliyokubalika kuingizwa yalikuwa ya watu walioandikishwa na waajiri zaidi ya mmoja. Mfumo ulikuwa ukihesabu maombi, hauhesabu watu! Aliyekuwa na waajiri watano alikuwa na tiketi tano, na kijana mwenye mwajiri mmoja akabaki na moja. Mwaka uliofuata wakaanza kuhesabu kwa mtu na pasipoti yake, maombi yanayostahili yakashuka hadi 470,342. Hitilafu ambayo mwanafunzi wa muhula wa pili wa hifadhidata angeiona, iliwagharimu watu miaka.

Tena Septemba 19, 2025 Rais Trump alisaini tangazo la malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B, likaanza kutumika Septemba 21. Siku mbili! Ilipofika Oktoba 20 ndipo idara ya uhamiaji ikafafanua kwamba aliyeko ndani ya Marekani anayebadilisha hadhi, kwa mfano kutoka mwanafunzi, hahusiki. Mwezi mzima wahitimu na waajiri wao walikaa bila kujua wamo au hawamo.

Sisi tungefanyaje?

Naandika programu kwa riziki yangu, na katika kazi yetu kuna adabu moja. Ukishatoa kitu na watu wakajenga juu yake, huwezi kukivunja ghafla. Unatoa toleo jipya, unawaambia watu tarehe, na lile la zamani unaliacha likifanya kazi kwa walioanza nalo.

Lugha ya Python toleo la 3 lilitoka Desemba 2008. Unajua toleo la 2 liliachwa lini? Januari 1, 2020. Walipanga kuacha 2015, wakaona watu bado hawajahama, wakaongeza miaka 5. Watu wengi wa kujitolea, wasiolipwa hata senti na watumiaji, waliwapa wenye programu zao zaidi ya miaka 11. Serikali tajiri iliyopokea karo ya mwanafunzi inampa wiki 6.

Na wala si kazi ngumu kiufundi. Kila mwanafunzi mgeni tayari ana rekodi yenye tarehe ya kuanza masomo. Kanuni ingesema tu: tumia masharti ya tarehe hiyo. Canada ilithibitisha kwamba inawezekana, kwa lile sharti la fani.

Lakini nchi ina haki ya kubadilisha sheria zake

Ndiyo, ina haki, sibishi. Januari 2024 waziri wa uhamiaji wa Canada wa wakati huo, Marc Miller, alipoweka kikomo cha viza za masomo, kulikuwa na sababu za kweli. Kodi za nyumba zilikuwa zimepanda, na kulikuwa na vyuo ambavyo vilichouza hasa ni kibali, kozi ikiwa kifungashio tu. Mpiga kura wa Toronto anayeshindwa kulipa kodi ya nyumba ana haki ya kuuliza maswali.

Ila tuulizane, nani alivipa vyuo hivyo leseni? Nani aliweka kibali kwenye matangazo? Mwanafunzi ndiye aliyekuwa na habari chache kuliko wote katika biashara ile, na sasa ndiye anayebebeshwa gharama ya kuirekebisha. Funga chuo kibovu, punguza viza za mwaka ujao, hayo yote yanawezekana bila kumgusa aliyekwisha ingia. Kama hutaki wageni wafanye kazi baada ya masomo, sema hivyo kabla hujapokea karo. Ahadi ni deni, na hapa mdai ana stakabadhi.

Ahadi imeandikwa wapi?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila msomaji aondoke nalo, kwa sababu maombi yangu kwa serikali za watu hayatajibiwa kesho.

OPT ya Marekani haimo katika sheria iliyopitishwa na bunge lao. Ni kanuni ya wizara. Ndiyo maana imeburutwa mahakamani miaka mingi. Nyongeza ya miezi 17 ya 2008 ilibatilishwa na jaji 2015, ikabidi kanuni mpya ya miezi 24 ianze 2016. Mahakama ya rufaa iliikubali OPT mwaka 2022, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi hiyo. Iko salama kwa mahakama, lakini wizara iliyoiandika inaweza kuanzisha mchakato wa kuiandika upya. Uingereza nako kanuni za uhamiaji hubadilishwa na wizara kwa taarifa inayowekwa mbele ya bunge, na mara chache sana huzuiwa.

Ile miezi 18 ya Ujerumani imo ndani ya sheria ya ukaazi. Iliongezwa kutoka 12 mwaka 2012, na tangu hapo serikali za vyama tofauti zimekuja na kwenda, yenyewe ipo. Sisemi wote mkimbilie Ujerumani. Kijerumani lazima ukisome, na ofisi zao za wageni zina foleni zinazojulikana. Nasema tu kwamba ahadi iliyo kwenye sheria haibadiliki upesi kama ile inayoweza kufutwa kwa tangazo la Ijumaa.

Nyani haoni kundule

Nasi tujitazame. Vyuo vyetu vina wanafunzi kutoka Somalia, Sudan Kusini, Rwanda, Burundi na Congo. Wanalipa karo na wanapanga nyumba Nairobi na Eldoret. Wakihitimu tunawapa nini? Kwa miaka mingi njia ya kawaida ilikuwa kibali cha kazi cha daraja la D, ambacho kinamtaka mwajiri aeleze kwa nini hakupata Mkenya, na ataje Mkenya atakayefunzwa kazi hiyo. Kwa mtaalamu mzoefu sawa, lakini kijana aliyemaliza jana angepitaje hapo? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 ikizungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Tukitaka kulalamikia London na Ottawa kwa sauti safi, tuanze kwa kumpa mhitimu wa Juba aliyesomea kwetu angalau mwaka mmoja wa kujaribu bahati yake hapa.

Kwa anayefunga mizigo

Kama umeshapata nafasi, fanya haya kabla ya kulipa:

1. Tafuta kanuni kwenye tovuti ya serikali ya nchi hiyo. Wakala analipwa ukienda. Halipwi ukifanikiwa.
2. Angalia neno moja: masharti yanafuata tarehe ya kuanza masomo au tarehe ya kuomba kibali? Kama ni ya kuomba, usikitegemee kibali hicho.
3. Hifadhi nakala ya ukurasa huo na tarehe uliyousoma. Huenda isikusaidie mahakamani, lakini utajua nini kilibadilika.
4. Piga hesabu ya mkopo kana kwamba kibali hakipo. Kama mkopo huo hauwezi kulipwa kwa mshahara wa Nairobi, ni mkubwa mno, tafuta chuo cha bei nafuu au ufadhili.
5. Ukifika, jua kihesabio chako. Weka tarehe zote kwenye simu. Canada, kwa mfano, una siku 180 za kuomba tangu chuo kithibitishe kwamba umemaliza, na kibali hicho hutolewa mara moja tu maishani.

Namba 4 ndiyo inayowaudhi watu wanaoniandikia, kwa sababu inaua safari nyingi. Najua. Lakini heshima ya wadhamini wako kijijini isitegemee kalamu ya waziri ambaye hamjuani wala humpigii kura. Ukienda na kibali kikabaki kilivyokuwa, hiyo ni faida, na tutakunywa chai kwa furaha.

Haya, kwa leo ni hayo. Juma lijalo narudi kwenye misimbo, nimeahidi somo la hifadhidata na sitaki kudaiwa.